Kujenga Maisha ya Utafiti katika Kemia ya Usanisi na Kemia ya Kibayolojia Ukianzia Nairobi

Kila mwaka vijana huhitimu shahada ya kemia Chiromo, Juja, Kahawa na kwingineko ndani na pembezoni mwa Nairobi, na ushauri wanaoupata kwa kawaida ni kutafuta kazi katika viwanda vya rangi, sabuni, dawa na vinywaji, au kwenda kufundisha katika shule za upili. Ushauri huo una busara yake. Hata hivyo, wapo wachache ambao wamekwisha kuonja raha ya kushika chupani dutu ambayo asubuhi haikuwapo, na wangependa kuishi kwa kazi hiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, nao unashikilia jambo moja tangu mwanzo: mtafiti wa kemia hujengwa na ushahidi anaoweza kuuweka mezani kuhusu molekuli zake. Kila uamuzi wa safari hii, kuanzia kumchagua msimamizi hadi kuomba fedha, unafaa kupimwa kwa swali la iwapo utakuwezesha kutoa ushahidi ambao mtu asiyekujua ataukubali.

Fani zenyewe

Kemia ya usanisi ni taaluma ya kujenga molekuli changamano kutokana na zile sahili, hatua kwa hatua, kwa mimenyuko ambayo mtafiti ameichagua au ameivumbua mwenyewe. Kemia ya kibayolojia hutumia molekuli hizo kama zana za kuchunguza na kubadilisha yanayotendeka ndani ya seli. Wengi huichanganya na bayokemia. Mwanabayokemia huchunguza kile ambacho seli tayari inakifanya, ilhali mwanakemia wa kibayolojia huingiza ndani ya seli kitu alichokitengeneza yeye, kisha huangalia kinachobadilika.

Uhusiano wa fani hizi mbili unaonekana wazi katika kazi iliyotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2022. Karibu na mwaka 2002, Morten Meldal wa Denmark na K. Barry Sharpless wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kwamba shaba huharakisha sana muungano wa azaidi (kundi la atomu tatu za nitrojeni) na alkaini (kaboni mbili zilizofungwa kwa kiungo cha mara tatu), na kutoa kiungo imara kiitwacho traiazoli bila takataka nyingi. Shaba hiyo, hata hivyo, ni sumu kwa seli hai. Carolyn Bertozzi aliondoa tatizo hilo kwa kuikunja alkaini ndani ya pete ya atomu nane za kaboni, ambayo mkazo wake wenyewe hutosha kuusukuma mmenyuko pasipo shaba yoyote, hivyo akaweza kuweka alama kwenye sukari zilizo juu ya seli zilizo hai. Mahitaji ya baiolojia yaliwalazimisha wanakemia kubuni mmenyuko mpya, na mmenyuko huo ukawafungulia wanabaiolojia maswali ambayo hayakuwa yakiulizika.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, ambayo Profesa Thomas Odhiambo aliianzisha jijini Nairobi mwaka 1970, ilikuwa na wanakemia tangu siku zake za mwanzo. Katika miaka ya 1970 watafiti waliohusiana nayo walichunguza mti wa Warburgia ugandensis, ambao Wakikuyu huuita muthiga na ambao magome yake hutafunwa kutibu kikohozi, wakatenga humo dutu inayoitwa wabuganali inayowafanya viwavijeshi waache kula majani. Muda si mrefu maabara za usanisi za ng'ambo zilianza kuitengeneza molekuli hiyo kutoka mwanzo. Mwarobaini nao una historia kama hiyo, ila ndefu zaidi: azadiraktini ilitengwa mwaka 1968, na usanisi wake kamili ulikamilishwa mwaka 2007 na kundi la Steven Ley huko Cambridge baada ya juhudi za miaka 22.

Hapa ndipo penye fursa na penye udhaifu wetu kwa pamoja. Afrika Mashariki ina utamaduni imara wa kutenga molekuli kutoka kwa mimea, lakini tasnifu nyingi mno za uzamili huishia pale pale: majani yamechumwa, yamelowekwa katika methanoli, dondoo limewekwa kwenye sahani yenye bakteria, na upana wa eneo lisilo na bakteria umepimwa kwa rula. Kazi hiyo ni mwanzo halali. Anayetaka kuwa mtafiti wa fani hizi anapaswa kuuliza maswali yanayofuata, yaani molekuli ipi hasa inafanya kazi, inashika protini gani, sehemu ipi ya umbo lake ni ya lazima, na itakuwaje kundi moja la atomu likibadilishwa na lingine. Kujibu maswali hayo kunadai usanisi.

Shahada ya kwanza

Sehemu hii haihitaji maneno mengi. Kemia ya kaboni na spektroskopia ziwe masomo unayoyashika kwa kina, na uwe unachora mishale ya mwendo wa elektroni kila siku mpaka mkono uzoee. Chukua angalau somo moja la baiolojia ya molekuli hata kama idara haikulazimishi, jifunze takwimu kwa dhati, na ujifundishe lugha ya programu ya Python kiasi cha kuweza kuchora mchoro wa data bila kumtegemea mtu. Kipindi cha mafunzo ya kazini usikitumie katika ofisi ya kupiga mihuri. Andika barua mapema kwa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba), icipe, ILRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) au maabara ya mhadhiri wako mwenyewe, na ukubali kuosha vyombo kwa wiki kadhaa ikiwa hiyo ndiyo njia ya kuruhusiwa kusimama mbele ya meza ya maabara.

Mezani pa kazi

Sifa ya mwanakemia huanzia kwenye daftari lake. Andika kwa kalamu ya wino, weka tarehe, andika uzito wa kila kitu kwa miligramu na kwa milimoli, jina la aliyekitengeneza na namba ya toleo iliyo kwenye chupa, halijoto, muda, na rangi uliyoiona, hata ile ambayo hukuitarajia. Kwenye kromatografia ya tabaka nyembamba, yaani kutenganisha dutu kwa kiyeyusho kinachopanda kwenye sahani, weka kila mara nukta tatu sambamba: malighafi, mchanganyiko wa mmenyuko, na katikati yao nukta yenye vyote viwili. Nukta hiyo ya katikati ndiyo inayokuonyesha kama doa unalodhani ni jipya si malighafi ile ile iliyosogea kidogo. Tazama kwanza chini ya taa ya nanomita 254, kisha chovya sahani kwenye pamanganeti ya potasiamu, kwa kuwa molekuli nyingi hazionekani kwa taa hiyo. Bandika picha ya sahani daftarini.

Usomaji wa spektra za NMR, yaani michoro ya vilele inayopatikana kwa sumaku na kuonyesha jinsi atomu zilivyopangwa katika molekuli, ndio unaomtenganisha mtafiti na mbahatishaji. Chukua spektra ya protoni iliyopimwa ndani ya klorofomu yenye deuteri (hidrojeni nzito). Kilele cha 7.26 kwenye kipimo cha ppm ni cha kiyeyusho chenyewe. Ukiona pia kilele kimoja kilichosimama peke yake kwenye 2.05, kundi la vilele vinne kwenye 4.12 na kundi la vitatu kwenye 1.26, hiyo ni ethili asetati iliyobaki kutoka kwenye safu ya silika (unga wa kusafishia dutu), na uzito uliouandika kama mazao ya mmenyuko umebeba kiyeyusho ndani yake. Mwanafunzi anayeandika kwamba dutu yake ni safi huku vilele hivyo vikionekana atagunduliwa na mhakiki ndani ya dakika moja, na baada ya hapo mhakiki ataisoma kazi yote iliyobaki kwa shaka. Dawa yake ni rahisi: iyeyushe tena dutu katika klorofomu kidogo, vukiza, rudia mara mbili au tatu, iweke chini ya pampu ya ombwe hadi uzito usibadilike tena, ndipo uipime.

Kwa kuwa mashine za NMR ni chache nchini na sampuli nyingi husafirishwa nje, usitume sampuli ambayo hujaithibitisha kwa vipimo vilivyo karibu nawe. Ipitishe kwenye kromatografia kwa mifumo miwili tofauti ya viyeyusho, pima kiwango chake cha kuyeyuka, chukua spektra ya infraredi, na ubaki na kiasi cha kutosha endapo kifurushi kitapotea njiani. Anayesubiri spektra moja kwa wiki kadhaa hawezi kumudu kutuma uchafu.

Jiji lenyewe nalo lina mambo yake ambayo miongozo ya ng'ambo haiyataji. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa karibu nyuzi 94 za Selsiasi. Kila kiyeyusho kinachochemshwa katika chupa iliyo wazi chini ya kondensa huchemka kwa halijoto ya chini kuliko ile iliyoandikwa kwenye makala ya watu wanaoishi karibu na bahari, kwa hiyo mmenyuko unaodai tolueni inayochemka utakwenda polepole zaidi kwako. Pima halijoto ya ndani ya chupa na uiandike, na ikilazimu tumia kiyeyusho chenye kiwango cha juu zaidi cha kuchemka, kama vile zaileni. Asubuhi za Julai zina tatizo la namna nyingine. DMSO, ambayo ndiyo hutumiwa kuyeyushia karibu kila molekuli inayokwenda kupimwa kwenye seli, huganda kwa nyuzi 18.5, na chumba kisicho na joto kinaweza kushuka chini ya hapo. Akiba iliyoganda na kuyeyuka nusu haina mkolezo ulioandikwa kwenye kibandiko. Ipashe taratibu, itikise, iinue kwenye mwanga uangalie kama kuna chembe zilizotua chini, ndipo uchukue tone la kwanza. Ifunge vizuri pia, kwa sababu DMSO hufyonza maji ya hewani.

Upande wa baiolojia una mitego yake. Mwaka 2010 Jonathan Baell na Georgina Holloway walieleza aina za molekuli ambazo huonekana kufanya kazi karibu katika kila kipimo, si kwa sababu zinashika protini lengwa, bali kwa sababu zinavuruga kipimo chenyewe: hung'aa, hubadilisha hali ya oksidisho, hujishikiza kwa protini yoyote au hujikusanya mabonge. Mfano unaotugusa ni kurkumini, ile rangi ya manjano ya jikoni, ambayo ina makala maelfu na ambayo wanakemia wa dawa walionyesha mwaka 2017 kwamba si thabiti, haifyonzwi vizuri mwilini na huvuruga vipimo vingi. Kabla ya kutangaza kwamba umepata kizuizi cha kimeng'enya, tengeneza molekuli pacha inayofanana nayo ambayo haipaswi kufanya kazi, pima kwa mikolezo mingi badala ya mmoja, rudia kwa siku tofauti, na utumie kipimo cha pili kinachotegemea kanuni tofauti kabisa na ya kwanza.

Usalama nao ni sehemu ya ushahidi kwamba unaijua kazi yako. Mwishoni mwa mwaka 2008, katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa sindano tert-butililithiamu, kemikali inayowaka yenyewe inapokutana na hewa. Sindano iliachana, nguo zake zikashika moto, naye hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki mwezi uliofuata. Usikubali kufanya mmenyuko wa aina hiyo kwa mara ya kwanza peke yako, usiku, wala wikendi wakati jengo halina mtu, hata kama msimamizi ana haraka.

Kumchagua msimamizi

Kwa maoni ya mwandishi huyu, msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Soma makala yake ya miaka mitano iliyopita na uangalie kama waandishi wa kwanza ni wanafunzi, na kama data ghafi za spektra zimeambatishwa. Watafute wanafunzi waliomaliza kwake na uzungumze nao kwa simu badala ya maandishi, kwa maana mtu husema kwa sauti mambo ambayo hawezi kuyaandika. Waulize walichukua muda gani kumaliza, nani alinunua kemikali, na waliwezaje kumpata walipokwama.

Ukiwa Nairobi, usianze kwa ujumbe wa simu. Nenda ofisini, omba miadi kwa katibu, na ufike ukiwa umesoma. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hapa kwa kawaida huwa na wasimamizi wawili au zaidi, na utaratibu huo ni neema kwa fani yetu: mwombe mwanakemia wa chuo awe wa kwanza, na mwanabaiolojia wa KEMRI, ILRI au icipe awe wa pili, ili molekuli zako zisafiri kilomita chache tu kufika kwenye seli, vimelea au wadudu. Kabla ya kujisajili, uliza kwa adabu lakini waziwazi mambo matatu: fedha za kemikali zitatoka wapi, majina ya waandishi yatapangwa vipi, na data itakuwa mali ya nani ukiondoka. Karo iliyolipwa hainunui silika. Wengi wamekaa miaka wakiwa wamesajiliwa bila gramu moja ya kemikali, na hakuna aliyewaambia mapema.

Barua kwa profesa wa ng'ambo inahitaji uangalifu wa pekee, na wengi huiharibu kwa kuifanya ndefu na ya jumla. Maneno 250 yanatosha. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani na unaomba nini, na kwa muhula upi. Aya ya pili itaje makala moja ya kundi lake, ieleze hatua mahususi iliyokuvutia, na iulize swali ambalo makala hayakulijibu, kwa mfano kwa nini pete ya atomu saba haikujaribiwa wakati ile ya atomu sita ilitoa mazao hafifu. Aya ya tatu ieleze kitu ulichokifanya kwa mikono yako, kwa namba: ulitengeneza nini, kwa hatua ngapi, ukakithibitisha vipi. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo yako ya masomo. Mwite Profesa pamoja na jina lake la ukoo, usitumie barua ile ile kwa watu thelathini, na ukikosa jibu baada ya wiki mbili kumbusha mara moja tu.

Njia za kwenda uzamivu

Marekani huwapokea wengi moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza. Masomo huchukua takriban miaka mitano au zaidi, karo hulipwa na idara, na mwanafunzi hupewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Katika idara nyingi huchagua maabara baada ya kuwasili na kuzizungukia kadhaa. Maombi mengi hufungwa Desemba, kwa hiyo barua za Septemba ndizo zenye maana. Ada ya maombi ni mzigo kwa familia nyingi, na vyuo vingi huisamehe ukiomba kwa maandishi kabla ya kujaza fomu. Uingereza husajili kwa mradi maalumu wa miaka mitatu au minne, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola uko wazi kwa Wakenya. Ujerumani kwa kawaida hudai uzamili kwanza, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina ofisi hapa Nairobi ambayo inafaa kutembelewa. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya haina sharti la uraia. Sharti lake kubwa ni kwamba mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia, jambo linalompa nafuu mtu anayetoka nyumbani.

Usidhani kwamba lazima uvuke bahari. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha kugundua dawa cha H3D mwaka 2010, na kundi lake kwa kushirikiana na MMV, shirika linalotafuta dawa za malaria, ndilo lililogundua MMV390048, molekuli dhidi ya malaria iliyofika kwenye majaribio kwa binadamu. Anayetaka kujifunza jinsi usanisi unavyoongozwa na data za baiolojia kila wiki atapata shule nzuri huko. Hapa kwetu, taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyoko katika chuo kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), Juja, hutoa ufadhili wa uzamili na uzamivu katika baiolojia ya molekuli, na mpango wa icipe wa ARPPIS umekuwa ukifunza madaktari wa sayansi ya wadudu tangu mwaka 1983, wakiwemo wanaofanya kemia ya harufu na ishara za wadudu. Mtandao wa NAPRECA huwaunganisha watafiti wa molekuli asilia wa Afrika Mashariki na ya Kati, na mikutano yake ni mahali pazuri pa kutoa mada yako ya kwanza mbele ya watu watakaokuuliza maswali ya haki.

Kuchapisha, na miaka baada ya uzamivu

Vyuo vya Kenya hudai mtahiniwa wa uzamivu awe na makala yaliyokubaliwa katika majarida yenye wahakiki. Sharti hilo limewafanya wengi waangukie majarida ya ulaghai yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo. Makala ya namna hiyo hukufuata maisha yako yote, kwani kamati za ajira na za ufadhili huyatambua. Jisajili na ORCID, inayompa mtafiti namba yake ya utambulisho, mapema, weka rasimu kwenye ChemRxiv, hifadhi ya wazi ya rasimu za kemia, ikiwa jarida unalolilenga linaruhusu, na uhifadhi faili ghafi za spektra mahali ambapo mwingine anaweza kuzipakua na kuzichakata upya.

Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu itafutwe kwa ajili ya ujuzi usiokuwa nao. Aliyefanya usanisi miaka minne aende mahali ambapo atakuza seli na kutenga protini. Aliyekuwa upande wa baiolojia aende kwenye maabara ambayo itamlazimisha kutengeneza zana zake mwenyewe. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani ni miongoni mwa milango ya kuaminika. Kabla hujasaini, kubaliana na mwenyeji wako kwa maandishi ni sehemu gani ya mradi utaruhusiwa kwenda nayo. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtafiti anayerudi Nairobi bila swali lililo lake atajikuta akishindana na maabara aliyotoka, ambayo ina watu ishirini na mashine tatu.

Kuanzisha maabara nyumbani

Nafasi ya mhadhiri hudai uzamivu, na kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa hutegemea machapisho, wanafunzi uliowahitimisha na fedha ulizozivutia. Mzigo wa kufundisha ni mkubwa. Wanaofanikiwa huomba vipindi vyao vipangwe kwenye siku chache za wiki, kisha huzilinda siku zilizobaki kwa ajili ya maabara.

Chagua swali la kwanza ambalo linaweza kujibiwa kwa vifaa ulivyo navyo au vilivyo umbali wa safari moja ya matatu. Derivatizesheni, yaani kubadilisha sehemu ndogo ndogo, ya molekuli asilia ambayo tayari unaitenga kwa gramu ni chaguo jema, kwa sababu malighafi haiagizwi kutoka nje na kila hatua moja ya usanisi hutoa molekuli mpya ya kupima. Tumia pia kilicho wazi kwa wote: hifadhidata za molekuli za PubChem na ChEMBL na benki ya maumbo ya protini ya PDB havilipiwi, Addgene huzigawa plasmidi (pete za DNA za kuingiza jeni kwenye seli) kwa maabara zisizo za kibiashara, na MMV imewahi kusambaza bila malipo mkusanyo wa molekuli 400 dhidi ya malaria, kisha mwingine wa 400 dhidi ya vimelea mbalimbali, kwa sharti la kutangaza matokeo. DNDi, shirika linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, lina ofisi jijini na huzungumza na watafiti wenye data safi.

Agiza kemikali miezi kadhaa kabla ya kuzihitaji. Asetiki anihidridi, asetoni, tolueni na etha zimo kwenye orodha za mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya dawa za kulevya, hivyo zinaweza kuhitaji vibali vya ziada, na shehena inayokwama forodhani hukwama pamoja na mwaka wa masomo wa mwanafunzi. Kwenye bajeti ya kwanza weka betri au jenereta ya friji kabla ya kuweka chombo chochote cha kifahari, maana umeme ukikatika usiku mmoja wa Ijumaa, protini za mwaka mzima zinaweza kuharibika kabla ya Jumatatu.

Vibali vya utafiti wenyewe vishughulikiwe kabla ya kuchuma jani la kwanza. NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hutoa leseni ya utafiti, na Hazina ya Taifa ya Utafiti ndiyo mfuko wa serikali unaofaa kufuatiliwa kila mwito wake unapotoka. Kufikia rasilimali za kijenetiki na kuzisafirisha kunaangukia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006, na Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014, ambayo inadai idhini ya awali na makubaliano ya kugawana manufaa. Ikiwa mganga au wazee wa kijiji ndio waliokuonyesha mti, majina yao na haki zao viingie kwenye makubaliano hayo tangu mwanzo, kwa lugha wanayoielewa. Kila sampuli inayotoka nchini iambatane na mkataba wa uhamishaji wa nyenzo uliosainiwa na chuo, unaotaja ni vipimo gani mwenzako wa ng'ambo anaruhusiwa kufanya, nani atamiliki molekuli zitakazotengenezwa kutokana nayo, na kwamba kilichobaki kitarudishwa au kuharibiwa. Peleka rasimu ya mkataba huo kwa ofisi ya sheria ya chuo siku ile ile unayoanza kuandika ombi la fedha, kwa sababu saini zake huchukua muda mrefu kuliko ombi lenyewe.